Shikamoo za Rejeta

Nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Nilijitolea kumpeleka Baba Kabula kutoka Shinyanga hadi Runzewe kwa pikapu yangu kuukuu ya dizeli, maana nataka kumuoa binti yake Kabula na mzee alikuwa bado ananipima. Hosi ya rejeta, ule mpira wa maji ya kupoza injini, ilikuwa inavuja. Sikumwambia.

Mshale wa joto ulipopanda, nikaegesha uani, kwenye mji wa familia nisiyoijua. "Mzee, tutapitaje bila kuwaamkia wakubwa?" Salamu za Kisukuma hazina haraka. Mtaulizana mvua, ng'ombe, pamba na watoto, huku injini inapoa. Kisha naomba maji ya kunywa, natoka nayo nje mzee akiwa bado ndani, nayamimina kwenye rejeta.

Kila mshale ukipanda, naamkia tena. Mzee akalainika kabisa. "Vijana wenzako wanatupita na kutuachia vumbi lao tu. Wewe umelelewa." Nikavimba kichwa.

Karibu na Runzewe, tumeshaaga na nimewasha gari, mama mwenye mji wa mwisho akaja dirishani kwa mzee na ndoo tupu mkononi. "Baba, huyu mwanao amemaliza maji yote peke yake! Hata ng'ombe wangu hawanywi hivyo. Mpelekeni akapimwe sukari."

Mzee akalitazama tumbo langu. Kabla sijafungua mdomo, hosi ikapasuka puuh, mvuke ukafunika kioo chote.

Mzee akashuka taratibu, akachukua fimbo yake.

"Kwa hiyo, kijana, ukinunua hosi mpya, shikamoo zimekwisha?"