Sentensi Iliyofuta Zamu za Maji

Shangazi yangu ndiye aliyekuwa mwandishi wa zamu za maji kwenye skimu ya mpunga kule tambarare, njia ya Kihurio. Miaka yote aliandika kwenye daftari la karatasi, mpaka mimi nilipomshawishi aliache, atumie simu.

Nilikuwa nimepanga chumba Same mjini, nikifanya kazi kwenye ofisi iliyotengeneza programu hiyo ya simu ya kuhifadhia kumbukumbu. Ndani yake kulikuwa na msaidizi wa akili mnemba. Unaongea na simu, naye anachagua zana ya kutumia: ya kusoma, ya kutafuta, au ya kuandika. Hajui zana ipi inafanya nini, ila kwa sentensi aliyoandikiwa. Kuandika sentensi hizo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Ya zana ya kuandika niliiandika kwa haraka: "Huandika maandishi kwenye kumbukumbu." Nikaiona fupi na safi, nikaendelea na nyingine.

Jumatano moja, watu wakiwa wamemaliza kupandikiza miche, shangazi alinipigia saa nne asubuhi. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikika. Alikuwa ameiambia simu iandike kwamba zamu ya mama mmoja imesogezwa hadi Alhamisi. Simu ikajibu tayari. Alipofungua orodha akakuta mstari mmoja tu, huo wa yule mama. Wakulima wengine wote hawakuwamo.

"Maji yanafunguliwa saa nane," alisema. "Nitawaambia nini watu hawa, mwanangu?"

Programu haikutunza nakala za zamani, lakini sisi wa ofisini tulikuwa na rekodi ya kila hatua ya msaidizi. Niliifungua. Zana ile kila inapotumika hufuta kumbukumbu nzima na kuweka mpya. Siku za nyuma msaidizi alikuwa akisoma orodha kwanza, kisha anaiandika yote tena. Leo hakusoma. Aliipa zana mstari mmoja, na zana ikauweka mahali pa kila kitu. Zana haikuwa mbovu. Mimi tu sikusema kwamba hufuta.

Orodha kamili ya mwisho ilikuwa ya Jumamosi. Nikainakili kwenye karatasi, nikamwomba jirani mwenye pikipiki anishushe hadi kwenye skimu.

Tulifika watu wameshajaa kwenye mlango wa maji. Mzee mmoja alikuwa ameushika ubao wa mlango. Mbele yake alisimama mwanamume aliyekuja zamani kutoka Singida kukata mkonge, siku hizi analima jaruba la kukodi. Jembe lilikuwa mkononi mwake, hakuliweka chini. Alidai kwamba Jumatatu yeye na mzee walibadilishana zamu, na shangazi akaarifiwa. Mzee alisema hakumbuki kubadilishana na mtu. Orodha yangu ya Jumamosi ilimpa mzee zamu ya siku hiyo.

Shangazi akasema ni kweli aliarifiwa, na alikuwa amepanga kuandika leo, ila orodha ikapotea kabla.

"Imeandikwa wapi?" mzee aliuliza.

Ndugu za mzee walikuwa wamejipanga kwenye tuta. Yule wa Singida hakuwa na mtu pale, alikuwa na neno la shangazi peke yake, na neno hilo sasa lilitiliwa shaka kwa sababu yangu. Nikasogea mbele, nikasema kosa ni langu, shangazi hakukosea kitu. Mzee akataka kujua niliiambia nini hiyo mashine. Nikamsomea sentensi yangu. Akaniomba niirudie.

"Kwa maneno hayo," alisema, "hata mimi ningeyafuta yaliyopo nikaandika."

Hakuuachia ubao. Walibishana mpaka shangazi alipoamua wagawane: mzee mpaka saa kumi, mwenzake baada ya hapo. Jua lilipozama maji yalikuwa hayajafika mwisho wa jaruba la yule wa Singida.

Asubuhi, nikiwa barazani kwa shangazi, niliigawa zana ile ya kuandika iwe tatu. Moja niliiandikia: "Huongeza mstari mwishoni. Haigusi yaliyopo." Nyingine: "Hubadilisha mstari mmoja tu." Ya tatu: "Hufuta kumbukumbu nzima na kuweka mpya. Usiitumie kwa badiliko dogo. Soma yaliyopo, kisha muulize mwenye kumbukumbu." Nikamsomea shangazi, nikamuuliza kama yeye ndiye aliyeambiwa hivyo, angefanya nini na zamu ya yule mama.

"Ningeuliza kwanza ni mstari upi," alisema. "Wako akina mama wawili wenye jina hilo."

Nikaliongeza na hilo. Tulipomjaribu msaidizi, aliuliza vilevile. Hata hivyo, wiki tatu zilizofuata shangazi hakuongea na simu kabisa, nami sikumsukuma.

Miche ya mwisho wa lile jaruba ilikauka. Jumamosi ya wiki iliyofuata nilishuka tena, nikamkuta yule mwanamume na mkewe wamekunja suruali na kanga, wanapandikiza upya. Nilivua viatu. Hakuniuliza habari za programu wala hakuniambia nisisaidie. Alinipa fungu la miche, akanionyesha mahali pa kuanzia.