Kondoo wa Maji

Juzi mteja mmoja, mtu wa ofisini, alisimama dukani kwangu hapa Same akinunua misumari. Akaniambia kwamba wazee wa baraza si lazima tena. Jaji akitaka anawaita, asipotaka anasikiliza kesi ya mauaji peke yake. Aliyasema kwa sauti ya kunipa pole, kwa kuwa anajua niliwahi kukaa kwenye kiti kile. Nikamfungia misumari yake nikamwambia pole awape waliofiwa.

Kiti chenyewe sikukiomba. Darasa la nne sikulimaliza. Nilishuka kutoka milimani na gunia la tangawizi kichwani, tena la mtu mwingine, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi na lori langu, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenishika mkono. Karani wa mahakama alipokuja kusema jaji wa Mahakama Kuu anakuja Same kwa kikao na wanatafuta wazee wenye heshima zao, nilimwuliza kama jaji anajua kwamba sijasoma.

"Mzee, hawatafuti msomi," akasema. "Wasomi wanao wa kutosha."

Basi nikamwachia mke wangu duka, nikaenda.

Tulikuwa wazee wawili. Mwenzangu alikuwa bibi wa mjini, Mwislamu, muuza vitenge karibu na stendi, mtu ambaye ukoo wake ulikuwa hapa barabarani kabla barabara haijawa na lami. Amenizidi umri, kwa hiyo nilimwamkia. Akaitika marahaba, kisha akasema, "Leo Mpare umepata kesi ya bure, hutauza ng'ombe." Watu wanatusema hivyo, kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sikatai. Kuku akiwa wako, ni wako. Na yule bibi mwenyewe mama yake ni Mpare, ila akiwa anatania hilo halitaji.

Kabla hatujaingia ukumbini karani alitueleza kazi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, anayependa mambo ya zamani. Akasema kazi hii chimbuko lake ni Uingereza. Kule wanakaa raia kumi na wawili, watu wa kawaida, fundi viatu na muuza samaki, na neno lao ndilo linaloamua kama mtu ana hatia. Jaji kazi yake ni kuwaelekeza sheria na kupanga adhabu. Huku Mwingereza alipokuja hakutuamini kiasi hicho. Akaweka wazee wachache wa kutoa maoni, halafu jaji anayafuata au anayaacha. Nikamwambia huko ni kumpa mtu jembe bila mpini. Akacheka, akasema hata hivyo nisilikatae, kwa sababu mshtakiwa wa leo hana mwingine wa kumlimia.

Mshtakiwa alikuwa mkulima wa makamo kutoka kijiji kimoja cha juu, upande wa Bombo. Alishtakiwa kumwua jirani yake kwenye ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa ambalo mababu walilijenga kwa mawe na udongo juu ya mashamba. Usiku maji yanajaa, asubuhi mwenye zamu anafungua mlango na maji yanashuka kwa mfereji hadi shambani kwake. Siku ile zamu ilikuwa ya mshtakiwa. Alikwenda kufungua, na kwa maneno yake mwenyewe akamkuta jirani amelala majini, amekwisha kufa. Akapiga yowe.

Mbele ya watu, muda si mrefu kabla ya hapo, hawa wawili walikuwa wamegombana juu ya zamu hizo hizo, na mshtakiwa alisema, "Maji haya yatakuja kukumeza." Mashahidi walilisikia neno hilo na yeye mwenyewe hakulikana. Daktari alisema jeraha la kichwani linaweza kuwa la kupigwa, linaweza kuwa la kuangukia jiwe. Hakuna aliyeona lolote. Kilichokuwa kimemfunga hasa mtu yule ni kondoo.

Baada ya mazishi alikuwa amempelekea baba wa marehemu kondoo. Polisi walipomwuliza kwa nini, akajibu kwamba ni kwa sababu ya kile kifo. Wakaandika hivyo hivyo. Wakamchukua yeye, na kondoo wakamchukua kama kielelezo. Wakili wa serikali hakuhitaji kupandisha sauti. Aliuliza tu, mtu asiyeua analipa kondoo wa nini? Na adhabu ya kosa lile ni moja, kila mtu ukumbini aliijua, na mke wa mshtakiwa aliyekaa benchi la nyuma aliijua kuliko wote.

Kondoo naye aliletwa. Alifungwa kwenye nguzo nje ya dirisha ili baba wa marehemu amtambue kutoka ndani, na wakati mawakili wanabishana kama apokelewe au asipokelewe, yeye alikuwa anakula maua ya mahakama. Bibi akaniinamia sikioni akasema shahidi pekee aliyeshiba ni yule.

Jambo lililonishangaza kuliko kondoo lilikuwa mkono wa jaji. Jaji alikuwa mwanamke, si mzee, miwani imemshukia puani. Aliandika kila neno mwenyewe, kwa kalamu. Shahidi anasema Kipare, mkalimani anaweka Kiswahili, jaji anaandika Kiingereza. Shahidi akikimbia, jaji anainua mkono wa kushoto, na watu wote wanangoja kalamu ifike. Mara nyingine aliiweka chini akakunjua vidole. Karani alinong'ona kwamba kule Uingereza kulikuwa na watu ambao kazi yao ni hiyo tu, kunasa maneno kwa alama za haraka, mtu anapumua na wao wameshaandika. Huku, akasema, jaji ndiye sikio na ndiye mkono.

Sasa akasimamishwa baba wa marehemu. Mzee mkavu, koti la kanisani, fimbo kaiacha mlangoni kama alivyoambiwa. Wakili wa serikali akamwuliza kama mshtakiwa alimletea kondoo. Akasema alileta. Ndiye yule pale nje? Ndiye. Wakili akakaa. Wakili wa utetezi, kijana ambaye nadhani milima aliiona kutoka barabara kuu tu, akamwuliza kama alimwona mshtakiwa akimpiga mwanawe. Hakumwona. Naye akakaa. Jaji akawa anamalizia mstari.

Mimi nikaona mtu ananyongwa hivi hivi. Kwa sababu kule tulikozaliwa, kondoo wa kifo ni wa aina mbili. Mtu akiua, hathubutu kukanyaga ua wa wafiwa. Mjomba wake ndiye anayepeleka kondoo, na hata mjomba anasimama nje mpaka aitwe. Lakini kiumbe kikifia kwenye ndiva, awe mtu au ndama, mwenye zamu ya siku hiyo anatoa kondoo wa kusafisha maji, hata kama alikuwa hajaamka. Maji yalikuwa mkononi mwake, basi. Anampeleka mwenyewe, kwa kamba, na wafiwa wakiridhika kondoo anachinjwa pale ndivani na maji yanafunguliwa tena. Na kwa kuwa polisi walikuwa na kondoo, ile ndiva ilikuwa imekaa bila kusafishwa imefungwa, muda wote ambao mshtakiwa yuko mahabusu. Mchungaji aliiombea, watu wakaitikia amina, na bado maharage yakakaukia shambani.

Nikasimama nikasema, "Mheshimiwa Jaji, huyo ni kondoo wa maji, si wa damu."

Wakili wa serikali akainuka kupinga. Jaji akamwashiria akae, akanigeukia bila hasira.

"Mzee, hilo siwezi kuliandika. Wewe hujaapa, na hakuna anayeruhusiwa kukuhoji."

Nikamwambia mimi sihojiwi, mimi najua.

"Ndiyo shida yenyewe," akasema. Akaweka kalamu chini, na nadhani alifurahi kuiweka. Akaeleza kwamba huko ilikoanzia kazi yetu, hapo zamani sana, wale kumi na wawili walichaguliwa kwa sababu ni majirani na wanajua kilichotokea. Walikuja wamekwisha kujua. Baadaye watu wakaona jirani huja na chuki zake na udugu wake, na mshtakiwa hawezi kuyajibu mambo yaliyo kichwani mwa mtu. Ikageuzwa. Wakaanza kutakiwa watu wasiojua chochote, wakae wasikilize yale tu yanayosemwa mbele ya wote. "Wewe umekaa kwa utaratibu huu wa pili, mzee wangu. Jibu huwezi kutoa. Lakini swali unaruhusiwa, na shahidi hajashuka."

Nimekaa na maneno hayo miaka mingi sasa, na bado sijaona kama utaratibu wa pili unaushinda wa kwanza. Ila siku ile nilielewa kwamba nimepewa mlango, mwembamba lakini mlango.

Nikamgeukia baba wa marehemu nikamwuliza kwa Kipare. Jaji akanikatiza tena. Kwa Kiswahili, akasema, na kupitia mkalimani, maana asichokielewa hawezi kukiandika. Basi wazee wawili wa milima ile ile tukaanza kuongea kupitia kwa mtu wa tatu, kama waliogombana.

Nikamwuliza kondoo aliletwa na nani mpaka uani. Akasema na huyo huyo, mwenyewe. Alisimama nje? Hapana, aliingia. Aliingia akafanya nini? Akakaa. Alikaa wapi?

Hapo alimtazama mshtakiwa kwanza, na nikaona amekwisha kujua ninakokwenda. Sikuwa na njia ya kumsaidia wala ya kumlazimisha. Yule ni mtu aliyezika mtoto. Kama alitaka mtu alipie, mtu huyo alikuwa pale kizimbani, tayari kabisa, na kilichotakiwa ni kusema tu kwamba hakumbuki. Ukumbi wote ulimngoja. Kalamu ya jaji ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Kwenye kigoda," akasema.

"Cha nani?"

"Changu. Nilimpa."

"Kwa nini ulimpa?"

Akajibu kwa Kipare, polepole, akimtazama jaji badala yangu. Mkalimani akaweka Kiswahili: "Aliyekuulia mwanao humpi kigoda."

Jaji akaandika, akamsomea, mkalimani akamrudishia kwa Kipare, naye akakubali kwamba ndivyo alivyosema. Kisha jaji akamwuliza swali moja lake mwenyewe: mbona hakusema hayo tangu polisi. Mzee akasema waliuliza kama alileta kondoo. Alileta.

Siku ya maoni jaji alitusomea muhtasari, akaanza na bibi. Bibi alisema ana hatia. Alisimama wima na sababu zake. Neno la maji kumeza mtu, alisema, halitoki kinywani bure. "Na kigoda si ushahidi, ni adabu. Baba wa watu ana adabu, na huyu alijua hivyo alipoingia pale." Alimaliza akajifunga mtandio wake vizuri akakaa. Mimi nilisema hana hatia, na nilipoulizwa sababu nikasema aliingia uani kwa miguu yake na mwenye ua akampokea. Sikuongeza. Nilichokuwa nacho zaidi ya hapo hakikuwa kimeandikwa.

Kesi ile bibi hajaiachia. Hata leo nikipita kwenye vitenge vyake ananiambia tulimwachia muuaji, na mimi namwambia huenda. Sikuwapo ndivani. Hata yeye hakuwapo.

Hukumu ilisomwa siku nyingine. Haikunilazimu kwenda, nikaenda, nikasimama nyuma na watu. Jaji alisema maneno ya hasira watu huyatamka na kesho wakakopeshana jembe. Akasema lile jambo ambalo upande wa mashtaka uliliegemea, shahidi wao wenyewe alilipa maana nyingine, na kwenye shaka mshtakiwa ndiye anayenufaika. Akamwachia huru. Mke wake hakulia wala hakupiga vigelegele. Aliinama akaanza kutafuta kiatu kilichomtoka.

Kisha karani akauliza habari ya kielelezo. Jaji akasema arudishwe kwa mwenyewe. Karani akauliza mwenyewe ni nani, maana aliyetoa yupo na aliyepewa yupo.

Watu wa milimani wote tulijua kwamba hiyo ni kesi ya pili. Kondoo akirudi kwa aliyemtoa, basi amekataliwa, na mtu yule atapanda mlimani akiwa huru wa serikali na muuaji wa kijiji. Baba wa marehemu alikuwa na haki ya kumkataa. Hakuna jaji ambaye angemwuliza kwa nini.

Alisimama, akaegemea benchi la mbele yake.

"Nilikwisha kumpokea," akasema. "Ni wangu."

Jaji akaandika.

Nje, askari alimfungua kondoo kutoka kwenye nguzo. Alikuwa amenenepa. Baba wa marehemu alipokea kamba, akatembea nayo hatua chache kuelekea lilipo gari la milimani, halafu akasimama. Yule aliyeachiwa alikuwa nyuma kidogo na mke wake, hajui aweke wapi mikono. Mzee alimnyooshea kamba bila kumtazama usoni.

"Mshike wewe," akamwambia. "Zamu ilikuwa yako."