Mifuko ya Mchanga Iliyoitwa Shemeji

Shemeji yangu hana unywele hata mmoja kichwani, lakini mtaa mzima unamwita Unywele. Jina kalipata kwa mdomo wake mwenyewe. Mpelekee mlango aupige randa kidogo. Ataufunga, ataufungua, atapitisha kidole pembeni, kisha atasema, "Bado unywele," yaani kasoro ya upana wa unywele mmoja. Kitanda, bado unywele. Rafu ya vyombo, bado unywele. Kinyozi aliye jirani yake husema huo mmoja ndio wote alionao, ndiyo maana hajawahi kukalia kiti chake.

Ni kaka wa marehemu mke wangu. Milango na vitanda vinampa kula. Roho yake iko kwenye mitumbwi.

Si ile ya kuchonga gogo. Yeye anapasua mbao kuwa fito nyembamba, unene wa kidole cha mwisho, anazilaza moja juu ya nyingine kwenye mbavu za muda alizozisimamisha sakafuni, anazibandika kwa gundi. Gundi ikikauka anazitoa zile mbavu. Linabaki ganda tu. Analisugua kwa msasa, analivisha kitambaa cha nyuzi za kioo, analipaka resini, utomvu unaokauka ukang'aa, na mbao zinaonekana kama ziko chini ya maji safi. Mtu mzima analibeba begani peke yake. Na ni mitumbwi ya mtu mmoja tu. Wa watu wawili hatengenezi.

"Wawili ndani ya chombo ni mkutano," husema. "Mkutano haufiki popote."

Karakana yake ni chumba kirefu chembamba, kati ya kinyozi na duka la mabeseni. Juu ya mlango kuna kibao: MITUMBWI YA MTU MMOJA. HATUKOSEI. Lile neno la mwisho lilimkera sana kinyozi.

"Kila mtu hukosea, Fundi. Hata mimi nimewahi kukata sikio la mtu."

"Ndiyo maana kibao chako hakisemi kitu."

Unywele hachori chombo kabla hajakuona. Anapima mkono wako, goti lako, namna unavyokaa, halafu uzito. Chombo cha mtu mmoja kina uzito wake. Ukiuzidi, kinazama mpaka ukingoni. Ukiwa mwepesi, kinaelea kama jani na upepo unakupeleka unakotaka wenyewe. Jamaa mmoja alikuja kutaka mtumbwi wa saizi yoyote.

"Saizi yoyote ni sufuria," akaambiwa. "Uliza hapo jirani."

Wangu aliuagiza mke wangu. Nilikuwa nimestaafu ulinzi wa ghala. Nilishinda nyumbani nikimfuata jikoni, nikimuuliza chumvi iko wapi, na kwa nini iko pale. Akanishika mkono tukaenda kwa kaka yake.

"Kaka, mtengenezee huyu mtumbwi. Ujanani alikuwa anavusha watu mtoni, kasia analijua. Asubuhi awe anakwenda ziwani, anipishe kidogo."

"Wa watu wawili," nikasema. "Twende wote."

"Nikikaa humo nitakusemesha mpaka ujirushe majini."

"Mkutano," akasema Unywele, akaleta ubao.

Ubao mrefu akauweka juu ya kipande cha gogo. Mimi nikakaa upande mmoja. Upande wa pili akawa anapanga mifuko ya mchanga. Akapanga, akatafuta mingine, akapanga. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Dada, unamlisha nini huyu?"

"Chochote. Akitafuna hasemi."

Mwishowe ubao ukaniinua, ukalala sawa. Unywele akaongeza mchanga kwa kikombe, akachota tena akapunguza. Bado unywele. Aliporidhika akaifunga mifuko midomo kwa kamba, akaiweka kwenye kona ya karakana. Tangu siku hiyo mifuko ile iliitwa Shemeji. Ndiyo ingekaa ndani ya ganda kunitafutia pahali pa kiti. Kila nikiingia aliniambia Shemeji wa kwenye kona ana adabu kuliko mimi. Haulizi chumvi.

Fito zilipanda vizuri. Zilikuwa zimefika tumboni mwa mtumbwi, umebaki ufa mwembamba katikati, pahali pa ufito wa mwisho. Hapo mke wangu akaugua. Akaenda zake. Siongezi neno.

Ufito wa mwisho ndio mgumu. Unachongwa ncha zote mbili kama jani, uingie wenyewe bila kulazimishwa. Unywele aliuacha ule ufa wazi muda mrefu. Nilikuwa nikipita namwona ameketi anautazama. Kisha siku moja nikapita nikakuta umeziba.

Siku ya kuushusha majini alichora mstari ubavuni kwa penseli.

"Maji yatagusa hapa," akasema. "Yasipogusa, kibao changu nitakifuta."

Kinyozi alifunga duka aje kuona. Mama wa mabeseni akaja na beseni, akaligeuza, akalikalia.

Nikaingia. Mtumbwi ukayumba, nikashika kingo. Mstari ulikuwa mkavu. Maji yalikuwa chini yake kwa vidole viwili. Kikaja kijiupepo, pua ikageuka bila kuniuliza, nikapelekwa kwenye matete kama kuku aliyetoroka.

"Fundi!" kinyozi akapiga makofi. "Maji yako yako wapi?"

"Labda ziwa limepungua," akasema mama wa mabeseni.

Unywele aliingia majini mpaka magotini, akashika pua ya mtumbwi. Mstari hakuutazama sana. Alitazama mkanda wangu. Nilikuwa nimeutoboa tundu jipya kwa msumari, na ncha yake ilining'inia mbele kama ulimi. Kisha akawageukia wale watu.

"Nimekosea," akasema. "Kipimo nimekosea."

Kinyozi alishusha mikono. Siku hiyo alikuwa ameisubiri miaka, na ilipofika hakujua aifanyie nini.

Na mimi nikaamini. Njiani nikamwambia, "Usijali, Shemeji. Hivi hivi unanitosha."

"Haukutoshi," akasema, akaendelea kutembea na mtumbwi begani.

Nilikwenda karakana baadaye kuchukua kasia. Nikatazama juu. HATUKOSEI ilikuwa imepakwa rangi nyeupe. Mwenyewe hayupo. Mifuko iko pale kwenye kona, na ubao umeegemea ukuta. Sijui nilifikiria nini. Nikauweka ubao juu ya gogo, nikaiburuta mifuko upande wake huku nahema, nikaupanda upande wangu uliokuwa juu.

Ubao haukushuka. Nilibaki huko huko, miguu ikining'inia, mzee mzima kama mtoto kwenye kiti cha wageni.

"Umefika?" Unywele alikuwa mlangoni.

"Nimekwama juu."

"Naona."

"Kumbe hukukosea."

Akachukua randa, akaanza kuifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Si ungeileta hii mifuko ziwani?" nikasema. "Ungeiweka humo, maji yangegusa mstari, kinyozi angenyamaza."

"Angenyamaza, halafu angeuliza nyama za shemeji wa pili zimepotelea wapi. Ungemjibu nini?"

Jiko langu lilikuwa baridi tangu watu wa msiba waondoke. Nilikuwa nakula chai na mkate. Siku nyingine chai.

"Tena kinyozi akijua huli, atakuletea maharage yake," Unywele akaongeza. "Umewahi kuyala? Nilikuwa nakuokoa."

"Basi punguza mchanga. Nichoree mwingine, mwembamba."

"Huyo simgusi." Aliinyooshea mifuko randa. "Huyo kalishwa na dada yangu. Wewe ndiye utakayemfikia."

Akanishika mkono, nikashuka.

Kuanzia hapo akawa anakuja kwangu kila jioni kupika. Ufundi wake uishie kwenye mbao. Uji aliukoroga kama gundi, nadhani kwa kijiti kile kile, na ulishika vile vile. Maji ya wali aliyapima kwa rula. Mimi nikila, yeye anasimama juu ya sahani, na nikitaka kuisukuma anasema, "Bado unywele."

"Dada yako hakuwa ananiangalia mdomoni."

"Dada alikuwa anajua kupika. Mimi lazima nilinde."

Siku ya kwanza alizunguka jikoni akifungua makopo.

"Shemeji, chumvi iko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Kwa nini iko pale?"

"Kamuulize dada yako."

Tukacheka sana. Kisha tukaacha kucheka, akaweka chumvi nyingi mno.

Kwa kujiokoa nikaanza kupika mwenyewe. Kwanza mayai. Kisha wali, bila rula. Unywele alikuja akaonja, akakaa chini akala, na siku hiyo hakuna aliyemlinda mwenzake.

Nikaenda kunyolewa. Kinyozi alianza wimbo wake, kwamba hata Unywele kakosea, kwamba dunia sasa iko sawa.

"Hakukosea," nikasema. "Mimi nilikuwa sili. Mtumbwi ulichorwa wa mtu anayekula."

Wembe ukasimama shingoni mwangu.

"Huli, Mzee?"

"Sasa nakula."

"Na wewe unakaa na njaa, mimi nipo hapa? Nikuletee maharage?"

"Yamesifiwa," nikasema. "Unywele kanisimulia."

Alipomaliza hakunipa kioo kama desturi yake. Alitoka nje, akasimama chini ya kibao cha jirani, akaitazama sana ile rangi nyeupe.

Ubao ulipolala sawa, mimi huku na Shemeji kule, tulirudi ziwani. Safari hii kinyozi ndiye aliyeshika nyuma ya mtumbwi, na alikuwa akifoka tuangalie mawe. Mama wa mabeseni akaja na beseni lake.

Nikakaa. Mtumbwi ukatulia chini yangu kama kitanda. Maji yakapanda ubavuni, yakalamba penseli.

"Yamegusa!" akasema mama wa mabeseni.

Unywele aliinama mpaka kidevu kikakaribia maji. Akatazama mbele, akatazama nyuma.

"Bado unywele."

"Fundi, hebu acha!" kinyozi akampigia kelele. "Mwachie mtu aende!"

Akaachia. Upepo ukaja, na pua ikabaki pale nilipoielekeza. Nikapiga kasia upande huu, nikapiga upande ule. Sauti zao zikabaki nyuma. Mke wangu alitaka nimpishe asubuhi. Nikampisha.

Jioni niliazima ngazi na kopo la rangi nyeusi, nikapanda kuliandika lile neno upya. Unywele alitaka kuandika yeye. Nikamkatalia. Darasani sikukaa sana, na kibao si gunia la ghalani la kutia alama. Nilianza na herufi kubwa, nafasi ikaniishia. Za mwisho zikawa ndogo, zikapanda kuelekea paa.

Unywele alishika ngazi chini. Nilimsikia anavyopumua kwa shida, kama mtu anayetazama meno yake yaking'olewa.

Nikashuka. Tukasimama tukatazama: mimi, yeye, na kinyozi akiwa na taulo begani.

"Limepinda," Unywele akasema hatimaye.

"Kwa unywele," nikamwambia.

Akairudisha ngazi kwa mwenyewe.