Ng'ombe wa Kipaimara

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyenilea nilipokuwa nasoma sekondari Ifakara. Niliporudi na shahada ya udaktari wa mifugo alinipitisha kwa majirani, nyumba hadi nyumba. Kwa hiyo mwanawe wa mwisho alipopata kipaimara, ng'ombe wa sherehe alimleta kwenye machinjio ninayokagua mimi.

Alikuwa ng'ombe mzuri, mnene. Alipokwisha kuchinjwa nikavaa gambuti, nikashika kisu. Wengi hudhani kazi yetu ni sindano na dawa ya minyoo tu. Hawajui ni asubuhi ngapi tunachanja mapafu na tezi, tukitafuta kile ambacho mlaji hawezi kukiona. Nikachanja tezi ya pafu. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, kimeganda, kinakwaruza kisu kama mchanga. Nikachanja ya ini, ya utumbo. Hali ni ile ile.

"Mjomba, huyu ana kifua kikuu. Kimeenea mwili mzima. Nyama hii haipigwi mhuri."

"Si utupe hayo mapafu? Mapaja yana ubaya gani?"

"Inafukiwa yote."

Akanisogelea, akashusha sauti. "Mwanangu, wageni wametoka Mahenge. Padri anakuja. Nikawaambie nini?"

Nyama ile niliimwagia mafuta ya taa mwenyewe, mbele yake, tukaifukia. Wageni walikula kuku na kambale. Mimi sikwenda.

Wiki tatu hakupokea simu yangu. Kisha asubuhi moja nikamkuta mlangoni pa ofisi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wale ng'ombe wanne waliobaki kijijini Mbingu, mjukuu wangu anakunywa maziwa yao. Njoo uwapime."

Nilikwenda siku hiyohiyo. Niliwachoma sindano ya kipimo shingoni, na niliporudi siku ya tatu, wawili walikuwa wamevimba pale nilipowachoma, dalili kwamba wana ugonjwa ule. Akawaondoa bila ubishi. Mtoto alipimwa hospitali, akakutwa salama.

Juzijuzi kwenye mkutano wa wafugaji, mzee mmoja alilalamika kwamba nawabana mno. Mjomba akasimama.

"Huyu daktari alimfukia ng'ombe wangu, na mimi ndiye niliyemlea. Wewe akuache kwa lipi?"

Watu wakacheka, wakageuka kunitazama. Sikuinamisha uso. Nilitaka wanione vizuri.