Mlango Uliochukuliwa kwa Utani

Watu niliokua nao Old Korogwe wana kundi lao la simu, na karibu kila Jumapili mmoja wao huandika kwamba sisi tulilelewa na mtaa mzima. Wengine humuitikia haraka. Wanakumbuka mihogo ya kwa jirani, viboko vya mama wa mwenzao, futari iliyoliwa barazani kwa pamoja. Mimi husoma, nikaweka simu chini, nikaendelea na shughuli zangu. Mtaa ule haukunilea. Mtaa ule ulimcheka mama yangu kwa miaka mingi, tena ukimcheka usoni, na mimi nimefika utu uzima bila kuona sababu ya kuusamehe.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na mabati, vyumba viwili, upande wa kuelekea mtoni. Baba alifanya kazi kwenye korona, kule mashine inakochakata mkonge, shamba moja la njia ya Mazinde. Alirudi mwisho wa wiki, nguo zake zikinuka uchachu wa majani usiokubali sabuni. Mama alilima mpunga bondeni na kuuza bamia na mchicha sokoni. Sisi ni Wazigua wa Kwaluguru. Jirani aliyetazamana nasi alikuwa Mnyamwezi, kwa maelezo yake mwenyewe. Babu yake aliletwa kama manamba kukata mkonge, akabaki hapo. Yeye alizaliwa Korogwe, Tabora hajawahi kuiona, na Kinyamwezi alichokijua kilikuwa matusi matatu na wimbo mmoja usioisha vizuri. Lakini palipokuwa na cha bure, Unyamwezi ulimpanda kichwani.

Kwa asiyejua, Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akakamata kuku wako akipita, akasema babu yako aliiba mahindi, na wewe huruhusiwi kukasirika. Unacheka, unasubiri zamu yako. Kwenye msiba mtani ndiye anayevaa koti la marehemu, anaigiza mwendo wake, anazuia jeneza mpaka apewe kitu, ili wafiwa wapate kucheka kidogo kabla hawajarudi kulia. Ni mila nzuri na sina ugomvi nayo. Baba aliitetea mpaka mwisho. Ugomvi wangu ni na mtu aliyeishika upande mmoja tu, ule wa kuchukua.

Alikuwa fundi baiskeli, mtu wa kicheko kikubwa na kazi ndogo. Papai letu likianza kuiva alilijua kabla yetu. Jogoo wetu alikwenda, sufuria ya mama ikaenda, na kila kitu kilikwenda kwa sauti ya juu, mtaa mzima ukiwa shahidi, maana bila watazamaji asingefurahia. Siku baba alipojibu mapigo kwa kuchukua pampu yake ya baiskeli, huyo bwana alinuna. Hakutusalimu tangu Jumamosi mpaka baba alipoirudisha, na alipoipokea aliikagua kama imetoka mikononi mwa wezi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mtaa haukumwambia kitu. Walisema leo hakuamka vizuri.

Sasa mlango. Tangu nyumba ijengwe, mlango wetu ulikuwa gunia la katani lililoning'inizwa. Baba aliagiza mlango kwa fundi wa Handeni, ndugu yake upande wa mama, mninga mtupu, mbao nene, na ukaletwa juu ya lori la mkaa. Nilikuwa darasa la pili. Nilikwenda kuugusa mara nyingi sana, nikaunusa. Ulisimama umeegemea ukuta, ukimsubiri baba arudi aufunge mwenyewe, kwa sababu kazi hiyo hakutaka kumwachia mtu.

Haukumsubiri mpaka Jumamosi. Mimi na mama tulitoka sokoni, mimi nimebeba beseni tupu kichwani, na tulipokata kona nikaona watu wamekaa mabarazani pande zote mbili, wametulia kimya. Mtaa wetu haukuwa na desturi ya kutulia. Walikuwa wanasubiri kuiona sura ya mama. Mlango wetu ulikuwa umeshafungwa kwenye nyumba ya Mnyamwezi, una bawaba na kitasa, na yeye amesimama mbele yake akiwa na nyundo mkononi.

"Karibu, Mzigua," akamwambia mama. "Lakini piga hodi kwanza. Nyumba hii siku hizi ina mlango."

Mtaa ukaanguka kwa kicheko. Wanawake walipigana mapajani. Na mama akacheka pia, maana ndivyo inavyotakiwa. Mimi nilikuwa karibu yake, nikaona jinsi alivyocheka kwa mdomo huku mkono wake umelishika bega langu mpaka likaniuma. Sikujua neno la kukiita kile nilichokihisi. Leo nalijua. Niliwadharau watu wale wote, nikiwa na umri wa miaka minane, na hisia hiyo haijapungua hata kidogo.

Baba aliporudi alicheka kweli. Alisema ni utani mkubwa, wa kiume, na kitu cha utani hukombolewa kwa heshima yake. Jumapili akampelekea jirani kuku mtetea na debe la mpunga, akitanguliza matusi yanayostahili. Mnyamwezi alimpokea, akamtukana vizuri, akachinja kuku jioni hiyohiyo. Mlango haukutoka. Baba alipomuuliza wiki iliyofuata, alijibu kwamba kuku alikuwa wa salamu, habari ya mlango bado. Mtaa ukacheka tena. Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Letu lilitujua vizuri sana, na halikuonyesha dalili ya kushiba.

Baba alipigilia bati kwenye fito, akapata kitu cha kusukuma mbele ya uwazi ule. Halikuwa na komeo. Siku za kazi, yeye akiwa kambini, mama alitandika mkeka chini, akalala akiwa ameziba mlango kwa mwili wake, mgongo kwenye bati, sisi watoto nyuma yake kitandani. Alilala hivyo miaka. Kiangazi vumbi lilimwingia kifuani, masika maji yalipita chini ya bati yakamlowesha mbavu. Mara moja mlevi alilisukuma bati akidhani ni kwake, akamwangukia. Kesho yake Mnyamwezi alilieleza tukio lile kwenye kibanda cha kahawa kwa namna yake, na waliokunywa kahawa wakamwomba arudie.

Mama hakukaa tu. Alikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa akisuluhisha mambo ya mtaa, mtu wa kanzu safi na maneno mengi. Nilikwenda naye. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, akakohoa, akasema mama ana haki, ila akikasirika atakuwa ameuvunja utani, na mtu anayevunja utani huonekana ana roho mbaya. Amvumilie mwenzake. Siku moja na yeye zamu yake itafika. Mzee yule alikuwa na milango mitatu, ukihesabu wa uani. Tulipotoka mama aliniambia nisimwambie baba kwamba tulikwenda.

Baba kifua kilimsumbua muda mrefu. Waliofanya kazi korona wanakijua kikohozi hicho. Nilikuwa darasa la sita alipofariki. Nyumba ikajaa watu, maana mtaa wetu kwenye misiba haukosi, palipo na sufuria kubwa utawaona. Mnyamwezi naye alikuja kutimiza kazi ya mtani. Alivaa koti la baba na viatu vya baba, akatembea uani akikohoa kama baba, na nitasema kweli, shangazi zangu walicheka wakiwa wanalia. Hapo angeishia, ningemsamehe mengi. Jeneza lilipotolewa, likipita kwenye ule uwazi, bati limewekwa pembeni, akapaza sauti.

"Mnaona nilivyomsaidia? Kama ningemwachia mlango, leo mngemkwamisha."

Wakacheka. Waliobeba jeneza walicheka, bega moja likashuka, jeneza likayumba. Mzee wa kanzu safi alificha mdomo kwa kiganja. Mama alikuwa amekaa ndani na wanawake, upande wa ukutani, na alisikia kila neno. Hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza, na mwanamke mmoja aliyekaa karibu naye alimnong'oneza jirani yake kwamba mama hajui utani.

Ikabaki hivyo. Bati letu likaota kutu. Mlango wa mninga, ukipakwa mafuta machafu ya baiskeli kila mwaka, ulizidi kupendeza, na kila asubuhi nikienda shule niliuona ukifunguliwa. Nilimwambia mama nikipata kazi nitamnunulia wa chuma. Aliniambia nisome.

Nilikuwa kidato cha tatu, nyumbani kwa likizo, Mnyamwezi alipofariki. Alianguka akiwa kazini, tairi mkononi. Mtaa ulisikitika, na ndani ya saa moja ulishaanza kuzungumza habari nyingine, maana kila mtu alikumbuka kwamba msibani mtani ni mama yangu. Zamu yake ilikuwa imefika. Vijana waliniuliza wakikonyezana kama tuna nyundo. Mmoja alijitolea kuja na bisibisi. Walitaka kuona Mzigua aking'oa mlango wake mbele ya maiti, na kweli kwa mila angeweza, hakuna ambaye angemlaumu. Ningesema uongo nikisema mimi sikutaka. Nilitaka sana.

Maiti ilipokuwa imeshaoshwa na kukafiniwa, wanaume wamesimama nje tayari kupokezana jeneza, mama alivuka njia. Alikuwa amejifunga kanga zake za kawaida. Alipanda kwenye baraza la Mnyamwezi, akakaa chini kizingitini, katikati ya mlango ule, akanyoosha miguu. Njia ikazibika. Watu wakashangilia kwa furaha, wakaanza kumletea vitu, kama inavyofanywa. Alipewa kuku akamwachia akaenda zake. Aliletewa kitenge, akakirudisha. Kaka yake marehemu, aliyefika kutoka mbali alfajiri ile, akacheka kidogo akasema basi shemeji achukue huo mlango wake anaosikia habari zake, yaishe, shehe ana haraka. Kijana mwenye bisibisi akasogea.

"Mlango siutaki," mama alisema.

Watu walidhani ndio mwanzo wa utani mwenyewe, wakajiandaa kucheka.

"Nataka mtu mmoja hapa aseme kwamba ule haukuwa utani. Mmoja tu. Akisema, nainuka."

Hakuna aliyecheka, ila kicheko kimoja kilichoanza kwa mazoea kikakatika. Mama aliwatazama mmoja mmoja. Alimtazama mwenye kibanda cha kahawa, akamtazama yule mwanamke aliyenong'ona, akawatazama wale waliokuwa mabarazani siku ile akitoka sokoni. Hawakuwa watu wabaya kuliko wengine, watasema hivyo wenyewe. Walikuwa watu wanaojua ukweli wa jambo na wanaona ni ghali kuusema, hata pale ambapo aliyewatisha ameshafungwa sanda. Kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake. Mzee wa kanzu safi, sasa amezeeka, ana fimbo, akaona hapo kuna kazi ya hekima zake.

"Mama, marehemu hasemwi vibaya," akasema.

"Marehemu sijamtaja, mzee wangu," mama akajibu. "Nawauliza ninyi."

Mzee akatazama fimbo yake. Shehe akasoma kitu kwa sauti ya chini. Jua lilikuwa kali, waliosimama nje wakaanza kubadilisha miguu, na mimi nikawaza kwamba watatuacha pale mpaka magharibi kuliko kufungua midomo yao. Nilikwishajua kwamba mama ameshindwa. Alikuwa ameomba kitu pekee ambacho mtaa ule haukuwa nacho.

Sauti ilitoka ndani. Mjane wa Mnyamwezi alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga imemfunika kichwa mpaka machoni, mwanamke ambaye miaka yote ile sikumbuki kumsikia akiongea zaidi ya salamu. Hakuinua uso.

"Haukuwa utani, dada. Kila nikilisukuma komeo nilikuwa najua umelala chini."

Mama alikaa kidogo bado, kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri. Kisha akainuka, akajipangusa kanga. Hakutoka nje kuja kwetu. Aliingia ndani, akapita kando ya jeneza, akaketi kwenye mkeka wa mjane, bega kwa bega, na wanaume wakamtoa Mnyamwezi. Sisi tuliobaki nje tulisimama hivyohivyo. Wanaume walirekebisha kofia zilizokuwa hazijaharibika, wanawake wakatazama vidole vya miguu yao, na mtu mwingine wa kuwachekesha hawakuwa naye. Nimewahi kupewa vitu kadhaa na mtaa ule, mihogo, viboko, na futari pia. Ukimya ule ndio pekee nilioupokea kwa mikono miwili.