Macho ya Kipa Wetu

Kipa wa timu ya karakana yetu ni shemeji yangu, na mfungaji hodari kuliko wote hapa ni mimi, bisheni mkitaka. Nimewahadaa makipa wote isipokuwa yeye. Wenzake huukodolea mpira macho mpaka ukawapita. Macho yake yeye hutangulia, yakatua pale utakapodunda na kuusubiri, kisha mikono ikafuata taratibu, kama ya mtu anayempokea mtoto mchanga. Jana kocha alikuja kuchagua kipa wa fainali. Nikapiga mpira laini, wa kubembeleza. Macho ya shemeji yakaukimbiza kwa nyuma, yakachelewa, na viganja vikafumbata hewa.

“Jua,” akasema, akijipangusa macho.

Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi.

“Jua kali kweli, shemeji,” nikamjibu. “Sasa huu unakuja kifuani, kaa hapohapo.”

Nikamletea kifuani kama nilivyoahidi. Akaudaka akiwa amefumba macho.

“Umeona, kocha?” akauliza, akiutabasamia mlingoti wa goli. Kocha alikuwa upande wa pili, akimvalisha kipa mwingine glavu.