Maswali Tuliyowajibia Watoto

Muuguzi aliponiuliza kama kuna asubuhi nilizotamani nisiamke, nilimjibu kwamba mtoto huamka saa kumi na moja na hapendi kuvalishwa soksi. Sikuwa nakwepa. Nilidhani hilo ndilo jibu.

Ilikuwa Alhamisi, katika ukumbi wa kanisa kule Waithaka. Alhamisi zile nazikumbuka kwa mapenzi. Tulikuwa akina mama saba wenye watoto wadogo wenye ulemavu wa akili. Watoto walifanyishwa mazoezi mkekani, nasi tukakaa kwenye benchi la nyuma na chupa kubwa ya chai. Binti yangu alikuwa na miaka mitano na hajasema neno. Kwa saa mbili hakuna aliyenitazama kwa huruma. Nilikuwa sicheki kwingine.

Aliyetuchekesha alitoka Kinoo. Mtoto wake alikuwa mvulana, kwa hivyo tulimwita Mama Boi. Mimi aliniita Mama Toto.

"Mama Toto, huyu wangu jana amekula krayoni tatu," alisema siku hiyo. "Leo nikimbadilisha nepi, naweka fremu, napeleka mjini tao nauzia watalii."

"Na sahihi ataweka nani?" mama mmoja akamchokoza. "Si hata kalamu hajui kushika."

"Kalamu? Hiyo pia ataila."

Ndipo akaja muuguzi mgeni na karatasi za maswali kuhusu huzuni ya akina mama. Alituita mmoja mmoja. Mama Boi alitangulia, nami nikimsikia kutoka benchini.

"Unalala vizuri?"

"Ah sista, akishashiba analala kama gunia."

"Na hamu ya chakula?"

"Anayo ya kutosha! Hata krayoni hazimtoshi."

"Kuna kitu kinakufurahisha siku hizi?"

"Muziki. Washa redio uone vile ataruka."

Muuguzi aliandika haraka, foleni ilikuwa ndefu. Wala sikuona kosa. Tangu watoto wazaliwe, kila aliyevaa koti jeupe alituuliza habari zao tu.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilipotaja soksi, aliweka kalamu chini.

"Mama, nakuuliza wewe."

Nililia mpaka chai yangu ikapoa. Kisha akazipekua karatasi alizokwisha kujaza, akawaita wenzangu upya. Watano walirudi kitini. Mama Boi alikuwa ameshaondoka.

Nilimpigia jioni nikamweleza. Alicheka.

"Mwambie sista niko fiti. Nikianza kulia, huyu atashikwa na nani?"

Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Simu ikawa inaita tu. Mimi nilianza matibabu, na polepole usingizi ukarudi. Pale benchini tuliendelea kumimina chai, lakini mizaha yetu haikufika mbali bila yeye.

Jana nilienda Kinoo. Jirani alinionyesha mlango, akasema yumo ndani na mtoto, ila wiki hii hajamwona hata akianika nguo. Nilibisha, nikasema ni Mama Toto. Mtoto alicheka, akagonga sufuria, akacheka tena. Niliita mara ya pili. Jirani aliniletea stuli, nikakaa mpaka saa kumi.

Mlango haukufunguliwa. Muuguzi amesema leo mchana tutaenda pamoja.